Shume Aliyehasiwa Wiki ya Harusi

Stamata ana mdomo, na ndiyo maana nampenda. Ni mjane, anafuma mablanketi ya sufu hapa kijijini kwetu, milimani Ipiro, na tangu mumewe afe hajaomba ruhusa ya mtu kufanya jambo lolote. Padri mwenyewe humpitia mbali.

Paka wake shume, Kapteni, alikuwa balaa. Alikuwa akizurura nje, akirudi sikio limechanika na shavu limevimba usaha. Akiwa ndani aliinua mkia na kunyunyiza mkojo kila kona. Siku alipoukojolea mfarishi wa kitanda cha harusi wa Lemonia, binti pekee wa Stamata, msichana alilia mpaka akatapika. Tulijaribu maji ya moto, siki, jua kali, harufu haikutoka. Daktari wa mifugo akasema, mhasini, hataranda tena usiku kucha, ugomvi utapungua, na mkojo wake hautanuka hivyo. Stamata hakungoja aambiwe mara mbili.

Hapo ndipo Garufalia, mama wa bwana harusi, alipopata la kusema. Simpendi mwanamke yule, na sina haja ya kuficha.

Kwetu, kabla ya harusi, wanawake hutandika kitanda cha maharusi, humwaga mchele na lozi, kisha mtoto wa kiume hubingirishwa juu yake kwa wimbo ili uzazi uje. Mtoto tuliyemtegemea alikuwa mjukuu wa Garufalia. Garufalia aliingia amembeba, akamwona Kapteni amejilaza mlangoni, katulia, shavu limepona.

"Mama weee! Umemhasi dume wiki ya harusi ya mwanangu?"

"Nimemhasi paka, mkwe. Mwanao sijamgusa."

"Unafunga uzazi wa Stergios, halafu unanifanyia mzaha! Mtoto huyu hagusi kitanda hicho. Na harusi haipo!"

"Isiwepo! Mfungie mwanao kabatini, pamoja na suruali zake unazompigia pasi mpaka leo!"

Sisi wengine tulikuwa na mashuka mikononi. Lemonia alikuwa papo hapo, kati yao. Nilimwonea uchungu, maana yule kijana alimpenda kwa dhati, na wale mama wawili wala hawakumtazama.

Nikaona bora kazi iendelee. Nikalifungua blanketi jekundu alilolileta Garufalia mwenyewe, zawadi ya upande wa bwana harusi, nikalitandaza. Harufu ikatupiga usoni. Hakuna asiyeijua. Shume wa Garufalia, yule mweusi asiyesemwa vibaya, alikuwa amelikojolea.

Nilicheka. Sikuweza kujizuia.

Lemonia hakucheka. Alilikunja blanketi taratibu, akampachika mkwewe kwapani.

"Mama, mimi ndiye ninayekuja kuishi kwako. Nitafua huko, nitalaza wanangu huko. Shume wako ahasiwe, la sivyo siji. Stergios nitamwambia mwenyewe."

"Unaniamrisha hata hujaingia?"

"Ndiyo, mama."

Garufalia alitutazama mmoja mmoja, akitafuta wa kumtetea. Hata dada yake, aliyekuja naye, aliinamisha kichwa. Mwishowe akaliachia blanketi likaanguka, nasi tukamwaga mchele na lozi kitandani kabla hajabadili nia, akamshusha mtoto, akambingirisha kitandani mara moja tu, kwa hasira, bila wimbo. Lozi zikatawanyika sakafuni, mtoto akaangua kilio, na sisi tukaimba wenyewe.