Gemu kwa Bei ya Mbuzi

Rafiki yangu, mwaka huu nilinunua gemu ya mpira kwa bei ya mbuzi, na hasira yake haijanitoka mpaka leo. Sisemi mbuzi kwa kukuza maneno. Asubuhi ya siku hiyo kaka yangu alikuwa amenipigia simu kutoka kwetu Kiptere kuniambia kuna jirani anauza mbuzi jike mwenye mimba, nikamjibu sina pesa. Mchana nikaingia duka moja la vitu vya stima hapa Kericho mjini, nikatoa pesa zile zile, nikapewa boksi la plastiki. Binti yangu alikuwa ameniomba hiyo gemu tangu shule zifunguliwe, nami nilikuwa nimemwahidi kwamba akijitahidi darasani nitamnunulia. Alijitahidi. Ungefanya nini?

Tulipofungua boksi nyumbani, hamkuwa na sidii ndani. Kulikuwa na kikaratasi chenye herufi na namba. Unaziandika kwenye mashine ya gemu tuliyokuwa nayo, kisha mashine inaanza kuvuta gemu kwa intaneti. Bando niliyokuwa nimenunua ya wiki nzima ikaisha gemu haijafika hata nusu. Nikanunua nyingine. Nikasema basi, mtoto afurahi.

Likizo ya Agosti tukaenda Kiptere kumsalimia kaka yangu, ambaye ndiye aliyebaki kwenye shamba la chai aliloacha nyanya yetu. Ana binti wa rika moja na wangu, na alikuwa amemtafutia mashine kama yetu, kuukuu, imepitia mikono ya watu wengine lakini inafanya kazi. Binti yangu alibeba boksi lake mapajani safari yote, kama mtu anayepeleka zawadi. Wakaandika zile namba. Mashine ikasema zimeshatumika. Wakaandika tena polepole, mmoja akisoma, mwingine akibonyeza. Jibu likawa lile lile. Mpwa wangu hakulia wala hakununa. Alifunga boksi vizuri, akamrudishia mwenzake, akasema, "Ni sawa. Utanihadithia tu vile inachezwa."

Hayo maneno ndiyo yaliyoniwasha. Nikatoka nje nikampigia simu kijana wa dukani.

"Ile gemu uliniuzia haishiki kwa mashine ingine."

"Ndio madam. Hiyo ni ya akaunti moja tu."

"Sasa mimi nilinunua nini?"

"Ni kama ulinunua ruhusa ya kucheza."

"Ruhusa! Kwa bei hiyo?"

"Madam, mimi sipangi bei. Inakuja na bei yake ya dola, halafu ushuru unawekwa juu. Mimi huuza tu. Kwangu hata moja sina."

Nilimwamini, na hiyo ikanikasirisha zaidi, kwa sababu sasa sikuwa na mtu wa kugombeza. Kaka yangu alikuwa amenisikia. Alikuwa ametoka kupeleka majani ya chai kwenye kituo cha kupimia, magunia matupu yako begani, buti zimejaa matope.

"Sasa unapigia nani kelele?" akaniuliza. "Hao wanaotengeneza gemu nao wanataka kula. Ile kazi inafanywa na watu wengi, tena kwa miaka. Ukiona ni ghali, si uache?"

"Na wewe," nikamwambia, "hapo unapopeleka majani, ushawahi kuulizwa unataka kuuza kilo kwa pesa ngapi?"

Akaanza kukung'uta magunia. Chai yetu tunaiuza kwa bei iliyopangwa na watu ambao hatujawahi kuwaona, na starehe ya watoto wetu tunainunua kwa bei iliyopangwa na watu ambao hatujawahi kuwaona. Sikatai mtengenezaji ale jasho lake. Nauliza tu kwa nini hilo jambo linakumbukwa pale tunaponunua, na kusahaulika pale tunapouza.

Acha nikuambie vile sisi tulicheza.

Nyuma ya duka la jirani yetu palikuwa na chumba cha mabati. Jirani huyo alikuwa mama aliyetoka Mkoa wa Kati na mumewe zamani, wakaja kuuza nguo kwenye senta yetu ya maduka. Mume alipofariki, watu walidhani atarudi kwao, lakini alibaki, akawa anaongea lugha yetu, Kikipsigis cha kuvutavuta maneno ambacho sisi watoto tulikiiga naye akicheka mpaka machozi. Ndugu yake alimletea kutoka Nakuru televisheni yenye mgongo mrefu na mashine ya gemu yenye pedi mbili za kuchezea. Yule mama akapanga mabenchi. Mchezo mmoja ulikuwa bei ya andazi. Kama huna, ulileta yai, au ulichota mtungi wa maji, ukaingia na kukaa kama mwenye nyumba. Mimi nilikuwa wa mayai. Kuku wa nyanya walinijua.

Bado nasikia harufu ya kile chumba: mafuta ya mandazi yaliyokuwa yakikaangwa upande wa duka, moshi wa jiko, na sweta za shule zilizoloa maji. Vidole vyetu vilikuwa vyeusi kwa utomvu wa chai, maana kila mtoto alichuma kabla ya kucheza, na zile pedi nazo zikawa nyeusi. "Naweni mikono kwanza!" yule mama alifoka kila siku. "Haiya, hii si kikapu ya majani!" Tulinawa, lakini weusi wa chai hautoki kwa maji.

Mchana mvua ilikuja, kama inavyokuja kwetu, na mara nyingi ikawa mvua ya mawe. Juu ya yale mabati hukusikia gemu hata kidogo. Basi mmoja wetu alisimama kwenye benchi akatangaza mpira kwa kupiga kelele, akiwataja wachezaji kwa majina ya watu wa senta: mshambuliaji ni mpimaji wa majani, kipa ni mwalimu wetu wa hesabu. Stima ikipotea, hakuna aliyeondoka. Tulizunguka jiko tukibishana bao la nani lilikuwa halali, mpaka irudi.

Nyanya yangu, ambaye tulimwita kogo kama Wakipsigis wote wanavyowaita nyanya zao, aliichukia ile nyumba. Siku moja alikuja na fimbo, gunia limefunika kichwa, maji yakimtiririka.

"Yuko wapi msichana wangu? Ng'ombe wanalia!"

"Kogo, ingia kwanza," yule mama akamwambia. "Hii mvua itakumaliza." Akamwekea kiti karibu na jiko na kikombe cha chai ya maziwa mkononi. Kogo akakaa, fimbo kati ya magoti. Akatazama televisheni kwa muda.

"Hawa wanaokimbia hivi ni watoto wa nani?"

Chumba kizima kilicheka. Nikamweleza kwamba wale wenye nguo nyekundu mimi ndiye ninayewakimbiza. Akaniangalia vidole, akaangalia televisheni, akaniangalia vidole tena.

"Ni wewe?"

"Ni mimi, kogo."

"Basi mkimbize vizuri! Mbona unamwacha anaanguka?"

Hakuwahi kusema amenipa ruhusa. Lakini tangu siku ile neno lake lilibadilika likawa, "Kamua kwanza, ndio uende."

Likizo moja tukasikia kuna gemu mpya ya mpira. Yule mama akatuambia wazi kwamba hawezi kuinunua peke yake, tukiitaka tuchange. Hatukuwa na cha kuchanga. Kogo ndiye aliyetupa mistari ya chini ya shamba lake, ile ya karibu na mto. "Chumeni," akasema, "na mkichuma majani magumu nitawafukuza wote." Tukachuma, wavulana kwa wasichana, Wakipsigis, watoto wa wafanyakazi waliotoka magharibi, na binti wa yule mama mwenyewe, umande ukitulowesha mpaka kiunoni. Tulipopimiwa, pesa zote zikaenda kwa yule mama, naye alipokwenda Nakuru kuleta nguo akarudi na sidii, ameifunga ndani ya kitenge isivunjike.

Siku ya kuifungua wavulana wakubwa walisema wasichana watacheza mwisho. Yule mama akasimama mbele ya televisheni, mikono kiunoni.

"Nionyesheni mikono."

Tukanyoosha. Akapita akiangalia mmoja mmoja, akasimama kwa msichana mdogo aliyekuwa akikaa karibu na kiwanda cha chai, ambaye wazazi wake walikuwa wachumaji. Vidole vyake vilikuwa kama vimechovywa kwenye wino.

"Huyu ndiye amechuma kuliko nyinyi wote. Huyu ataanza."

Hakuna aliyebisha. Yule msichana hakuwa amewahi kushika pedi, akafungwa mabao mengi, na kila alipofungwa tulimshangilia tu.

Ile sidii ilitembea, rafiki yangu. Iliazimwa na watoto wa Kabianga, ikarudi. Ilienda Londiani na mtoto aliyehamia huko, akaituma na dereva. Ilirudi imechubuka, tukaipaka dawa ya meno, tukaisugua kwa fulana, ikacheza. Ilikuwa yetu. Tungeweza kumpa tunayemtaka.

Nilipokuwa nikikumbusha hayo pale Kiptere, kaka yangu akacheka. "Lakini unajua ile ilikuwa ya kuchomwa? Feki."

Ndiyo, ilikuwa ya kuchomwa. Ile halisi haikufika senta yetu hata siku moja, na kama ingefika ingeuzwa kwa bei ambayo ingebidi kijiji kizima kichume msimu mzima ndipo kiipate. Mtu asiyetaka kukuuzia kwa bei unayoiweza, kisha akakuita mwizi, mimi simwelewi. Na leo ambapo tumenunua ile halisi, tena kwa jasho letu, mtoto wangu hawezi kumwazima mtoto wa kaka yangu.

Jioni niliwachukua wasichana wetu wawili twende senta kununua sukari. Kusema kweli nilitaka kuwaonyesha kile chumba. Yule mama aliuza duka zamani akaenda kukaa na binti yake Londiani, kwa hiyo sikutarajia mabenchi. Nilidhani labda pamekuwa stoo ya mahindi.

Chumba kimejengwa upya kwa mawe na kupakwa rangi ya kung'aa. Ndani kulikuwa na skrini ukutani, dirisha dogo la vyuma lenye mtu wa kupokea pesa, na wanaume wamesimama, wamejaa mpaka mlangoni. Mmoja wao tulicheza naye utotoni. Siku hizi ana watoto wake. Alinisalimia vizuri, akauliza habari za mjini, lakini macho yalirudi kwenye skrini kabla sijamaliza kujibu.

Pale ukutani mpira ulikuwa ukichezwa. Nyasi zilikuwa za kijani mno, wachezaji wanakimbia kwa ule mwendo ninaoujua. Binti yangu akanivuta mkono.

"Mama, hii ni gemu!" Akachungulia kati ya wale wanaume, akitafuta. "Ni nani anacheza?"

Nami nikatafuta. Hakuna aliyekuwa ameshika pedi. Kila mtu alikuwa na tiketi yake ya kamari na shingo imenyooka. Hapakuwa na kelele, hakuna aliyetangaza mpira, hakuna aliyemshangilia mwenzake. Wavulana wa zamani wanaotaka mchezo mpaka leo, ambao gemu mpya hawataweza kuinunua maishani, walikuwa wamepatiwa mahali pa kuitazama, na walikuwa wakilipa kila siku.

"Hakuna anayecheza," yule rafiki yangu wa utotoni akamjibu binti yangu bila kugeuza kichwa. "Inajicheza yenyewe. Sisi tunaweka tu pesa."