Vazi la Johari

Harufu ya pilipili kavu, ile inayopanda gunia linapofunguliwa, hunikumbusha farasi. Mtanisamehe. Kwa wengine hiyo ni harufu ya mchuzi. Kwangu ni Johari, farasi jike mwekundu aliyekaa uani kwetu Temeke baada ya vita, nilipokuwa na miaka minane.

Baba alikuwa na duka la nafaka na viungo. Johari alimnunua kwa Mzungu aliyekuwa akirudi kwao, na majirani wakasema Mwarabu wa watu kapata pesa kakosa akili. Farasi mwenyewe alitoka bara kwenye baridi, ana manyoya marefu, na joto la pwani lilimtoa jasho mpaka akawa hoi. Basi Mzee Saidi, saisi wetu aliyemtunza farasi, mtu wa Kondoa, akamnyoa kwa mashine ya mkono, mgongo na mbavu, akamwachia miguu na shingo. Alipomaliza, Johari aling'aa kama sufuria iliyosuguliwa kwa mchanga.

Bibi yangu, mama yake Baba, hakupendezwa. Alisema mnyama haachwi uchi na mbu wote hawa. Akachukua gunia dukani, akalivika kaniki kwa nje, akashona siku mbili nzima kwa sindano ya magunia huku akitutuma uzi. Lilikuwa vazi la heshima, lenye pindo jekundu. Johari akawa anavishwa kila jua likizama.

Haikupita wiki, ngozi ikaanza kumwasha. Alijisugua kwenye nguzo ya banda mpaka nguzo ikalegea. Vipele vilimjaa mgongoni na mbavuni. Miguuni hakuna hata kimoja. Baba, mtu wa mizani, alitafuta sababu moja baada ya nyingine. Alibadilisha majani, hali ikawa ile ile. Akapiga marufuku sabuni. Akamwaga mafuta ya mashine. Mwisho akabaki na Mzee Saidi. Kwa kuwa vipele vilikuwa pale tu palipopita mashine, alisema meno ya mashine yalikuwa machafu, tena maji anayommwagia farasi kila alfajiri yanazidisha. Mzee Saidi aliinamisha kichwa. Akaambiwa Ijumaa ikifika bila nafuu, afungashe virago.

Alhamisi mchana nilikuwa nikicheza kujificha na binamu yangu. Niliingia bandani, nikajifunika lile vazi gubigubi. Sikukaa sana. Macho yaliwaka, shingo ikawaka, nikatoka mbio nikilia. Baba alinikuta kisimani ninamwagiwa maji. Aliniuliza nilikuwa wapi, akaenda bandani, akalipindua vazi na kulinusa kwa ndani. Mwenye duka haambiwi gunia lilibeba nini.

Alimwita Mzee Saidi, nami nikasimama pale pale, matone yakinidondoka.

"Wewe hulishika hili kila siku. Hukuwashwa?"

"Niliwashwa, bwana."

"Sasa mbona hukusema?"

Mzee Saidi alitazama upande wa jiko, alikokuwa Bibi. "Nilimwomba nilifue, akasema kaniki itachuja. Ndiyo maana nikawa ninamwosha farasi alfajiri. Kashona mama yako, bwana. Ningesema nini?"

Baba alilichukua vazi, akalifukia nyuma ya choo. Jioni alimwambia Bibi kwamba panya wamelitafuna, akamletea kipande cha marekani mpya. Bibi aliwalaani panya, akashona lingine. Johari alipona, na mpaka anafariki Bibi aliwasimulia wageni kwamba farasi yule aliponywa na sindano yake. Mzee Saidi akiwapo, aliitikia, "Kweli, mama."

Wakati ule nilimwona mjinga. Mama alisema mkono usioweza kuukata, ubusu, nikadhani hayo ndiyo maelezo yote. Nilielewa vingine nilipoolewa na kuishi miaka kumi na moja nyumbani kwa mama mkwe. Kuna ukweli ambao anayeusema hufukuzwa, na asiyeusema hufukuzwa pia; kinachobaki ni mtu kuchagua aondoke vipi. Mzee Saidi alikuwa amekwisha kuchagua.

Baba naye, kwa ninavyojua, hakuwahi kumwomba radhi. Zamani nilimlaumu kwa hilo. Siku hizi nadhani asingeweza kutamka neno hilo bila kumtaja mama yake, na wote wawili walilijua hilo, wakaendelea kusalimiana kila asubuhi.