Sabuni ya Nafula

Harufu ya kostiki inapokutana na maji haina jina ninalolijua. Si ya kuoza wala ya kuungua. Inaingia puani kama hewa ya kawaida, kisha inakukaba koo na kukutoa machozi kabla hujajua umekosa nini. Ndiyo iliyojaa uani kwetu, mtaani Komarock, mwaka niliokuwa darasa la sita, Mama alipoamua kutengeneza sabuni. Alimimina zile punje nyeupe, ambazo majirani walizitumia kuzibulia mabomba, kwenye ndoo ya maji baridi, na maji yakaanza kufuka moshi. Nilimuuliza moto ulikuwa wapi. Aliniambia nirudi nyuma na nifunge mdomo, na nadhani alisema hivyo kwa sababu hata yeye hakujua.

Sababu ya yote hayo ilikuwa mdogo wangu Nafula. Alikuwa na miaka saba, na ngozi yake ilipasuka kwenye mikunjo ya viwiko na nyuma ya magoti. Daktari alisema ni ukurutu na kwamba hauambukizi, lakini wazazi wa wenzake darasani hawakuwa na habari na huyo daktari. Walilalamika mpaka mwalimu akaandika barua, ya adabu sana, kwamba mtoto apumzike nyumbani hadi ngozi itulie. Kila asubuhi Nafula alivaa sare yake, akakaa kwenye kochi na mkoba mapajani, akanitazama nikiondoka. Jioni nilimkuta bado amevaa soksi. Sabuni zote za dukani zilimwasha. Basi Mama, karani wa ofisi ambaye alikuwa hajawahi kutengeneza hata jemu, alienda kwenye duka la intaneti akachapisha kurasa nne kuhusu sabuni za kila aina ya ngozi, akaapa kwamba muhula ukifunguliwa mtoto wake atakuwa darasani.

Kurasa zile zilituvuruga akili. Zilisema kuna ngozi kavu, ngozi ya mafuta, ngozi ya kawaida, na ile inayokasirika upesi, na kila moja ina sabuni yake. Asubuhi moja Mama alitupanga mezani tukabandika vipande vya karatasi ya shashi usoni ili tujue sisi ni nani: ikinata ngozi ni ya mafuta, ikidondoka ni kavu. Ya Nafula ilidondoka mara moja. Yangu iling'ang'ania puani na kuanguka mashavuni, na Mama akapekua kurasa zake mara mbili bila kunipata, mwisho akasema nisubiri kwanza. Nilikasirika kwelikweli, niliona nimenyimwa kitu. Isitoshe hakuna nilichoelewa. Kama sabuni huondoa mafuta, mbona imetengenezwa kwa mafuta? Wenye ngozi ya mafuta waliandikiwa sabuni ya mkaa, na mkaa ndio tulioutolea jasho kila siku kuusugua mikononi. Mama Shiku, jirani yetu muuza nafaka ambaye uso wake uling'aa tangu alfajiri, alipoambiwa ataoshwa kwa mkaa alicheka mpaka akashika ukuta.

Kosa lenyewe tulilifanya tukiwa na uhakika kabisa. Kurasa zilitaja gramu, na nyumbani hatukuwa na mizani. Lakini nani kwetu aliwahi kuhitaji mizani? Mkebe wa gorogoro sokoni unaitwa kilo mbili, uwe na mahindi, maharagwe au dagaa wa omena, na hakuna aliyewahi kubisha. Mama alichukua kikombe kidogo cha kahawa, akakitangaza kuwa gramu mia moja, na tangu hapo kila kitu kilipimwa kwa kikombe hicho: vikombe saba vya mafuta, viwili vya maji, kimoja cha kostiki. Mafuta ya nazi aliyafuata mwenyewe Eastleigh. Tulikoroga kwa zamu na mwiko mpaka mchanganyiko ukawa mzito kama uji, tukaumimina kwenye paketi za maziwa zilizokatwa juu. Sabuni ya Mama Shiku ilitiwa mkaa, na ya Nafula karoti na oti. Ilitoka na rangi nzuri ya machungwa, na Mama aliifunika kwa taulo kana kwamba imelala.

Ikabidi tungoje wiki nne. Kurasa zilisema sabuni mbichi hujulikana kwa ulimi: unaigusisha kidogo, na ikikushtua kama betri ya redio, bado. Kazi hiyo nilipewa mimi, na nikajiona mkubwa. Wiki ya kwanza ilinishtua, ya pili vilevile, na ya tatu. Wiki ya nne iliisha siku ya Jumapili, kesho yake shule zinafunguliwa. Tulitoka kanisani, Mama akakata kipande, akanipa. Kilinishtua. Lakini ile ya mkaa pia ilinishtua, nikaanza kujiuliza kama huo si ushtuko bali ndiyo ladha ya sabuni, au kama ulimi wangu ulikuwa umezoea kushtuka hata pasipo na kitu. Kurasa zilisema wiki nne, na wiki nne zilikuwa zimekwisha. Nafula alikuwa tayari amesimama mlangoni mwa bafu, taulo mabegani.

"Inachoma?" Mama akaniuliza.

"Haichomi," nikasema.

Nafula hakupiga kelele. Hilo ndilo linaloniumiza mpaka leo. Alisema anawashwa kidogo, Mama akamwambia avumilie, karoti inaingia kwenye ngozi. Baadaye akasema, kwa sauti ndogo, kwamba anaungua, na Mama alipomtazama mikunjo ya viwiko ilikuwa imegeuka nyekundu. Tulimmwagia maji, ndoo baada ya ndoo, mpaka pipa likaisha. Kliniki muuguzi alimgombeza Mama mbele ya benchi zima la watu. Nafula alikosa muhula wote ule. Mwaka uliofuata alirudia darasa la kwanza pamoja na watoto waliokuwa wadogo kwake, na sare yake ikawa fupi.

Aliyetufumbua macho ni Mama Shiku. Alikuwa amenunua mizani ya sahani kwa ajili ya nafaka zake, akamwambia Mama alete kikombe chake. Kikombe cha mafuta kilipima kidogo, cha kostiki kikapima zaidi, ingawa vyote vilijaa hadi ukingoni; kumbe kostiki tuliizidisha bila kujua. Mama alirudia mara tatu. Kisha alikaa juu ya gunia la njegere akiutazama mshale wa mizani, na mimi nikahisi nafuu, nafuu ya aibu kabisa, kwa sababu kosa lilikuwa limepata mwenyewe.

Siku hizi Mama ana mizani ya kidijitali na karatasi za kupimia ukali, na hakuna ulimi unaohitajika. Sabuni zake ni nzuri, wanawake wanazifuata mpaka mlangoni, na hata watu wa sampuli yangu, ngozi nusu hivi nusu vile, wana yao. Nafula amekuwa mtu mzima anayeoga sabuni ya mama yake bila kufikiria. Mambo mengi yaliyonichanganya utotoni nimeyaelewa, isipokuwa kwa nini nilisema vile. Sijui kama nilichanganyikiwa, au nilichoka kumwona kwenye kochi, au niliogopa uso wa Mama. Naye kila mteja mpya humsimulia jinsi alivyomchoma mtoto wake kwa ujinga wa kikombe, nami hukaa kando nafunga vipande kwa karatasi.

Jumamosi iliyopita alipoanza tena, nilingoja mteja aondoke, nikamwambia sabuni ile ilinishtua siku ile, na nilijua, na nilimdanganya. Alizima mizani, akanigeukia.

"Ulikuwa na miaka mingapi?"

"Kumi na miwili."

"Katoto tu," akasema. "Na ni mimi nilikupea ulambe."

Nilikuwa nimekwenda kumpunguzia mzigo, na nikamwona palepale akiuchukua wangu pia.