Fremu Aliyoagiza Mjomba

Fundi cherehani mmoja watu walimbandika jina la Sentimita, na jina hilo likamkaa kuliko lile alilopewa na wazazi wake. Duka lake lilikuwa chumba kimoja kinachotazama barabara: cherehani mbili, meza ya kukatia, kioo kirefu chenye ufa pembeni, na pazia la kubadilishia nguo. Hakuna mteja aliyewahi kumdanganya kuhusu kiuno chake. Mtu akija amevuta tumbo ndani, Sentimita alisimama tu na tepu mkononi, akatazama dari, akangoja pumzi zimwishie yule bwana. "Pumua, ndugu yangu," alimwambia. "Suruali utaivaa ukiwa hai."

Lakini mganga hajigangi. Huyu aliyewaumbua watu wazima mbele ya kioo, siku yake ilipofika ya kupimwa, aliyoyafanya ni aibu hata kuyasimulia. Nayasimulia kwa sababu aliyeumia si yeye.

Kila Jumapili asubuhi Sentimita alitoka na kundi la waendesha baiskeli. Walikuwamo nesi mmoja mwenye mapaja ya chuma, mwalimu wa hesabu, na wengine wa rika la watoto wake. Yeye ndiye alikuwa mkubwa kuliko wote, na hakupenda kukumbushwa. Aliwahi kuwaambia kwamba ujanani alishindana mbio. Ni kweli alishindana, mara moja, na kwa bahati yake hakuna aliyeuliza alishika nafasi ya ngapi. Baiskeli yake ilikuwa lichuma la zamani, zito kama kabati, na kila mlima alifika wa mwisho akisingizia baiskeli.

Sasa, dada yake alikuwa na binti, na binti huyo alikuwa fundi wa kuchomelea. Alitengeneza mageti na nondo za madirisha, lakini moyo wake haukuwa huko. Kwa muda mrefu alikuwa akinunua baiskeli mbovu, anazikatakata kuangalia jinsi viungo vilivyounganishwa, anajaribu kuunganisha vya kwake, anavivunja, anarudia. Siku moja dada mtu akaja dukani, akakaa kwenye kiti cha wateja, akamwambia kaka yake: "Mtoto anataka kutengeneza fremu za baiskeli za mbio. Za chuma, kwa mkono, kila mtu yake kwa mwili wake. Watu wanamcheka. Wewe una jina, kaka. Wakikuona umepanda ya kwake, watanyamaza."

Sentimita alifurahi mpaka akaweka mkasi chini. Jumapili iliyofuata aliwatangazia wenzake wote kwamba anashonewa baiskeli, ndivyo alivyosema, anashonewa, na mpwa wake mwenyewe. Nesi na mwalimu wakatazamana. "Ikitoka nzuri," nesi akasema, "na sisi tunaagiza." Hivyo tangu mwanzo kila mtu alijua, na Sentimita alijua kuliko wote, kwamba kazi nzima ya yule binti inaning'inia kwenye fremu moja.

Karakana ya mpwa wake ilikuwa uani, nyuma ya duka la matairi. Mabomba membamba ya chuma yalipangwa ukutani kwa urefu, tupa zilining'inia kwenye misumari, na katikati kulikuwa na kiunzi kizito alichokibuni mwenyewe cha kubania mabomba yasisogee wakati wa kuunganishwa. Alimkaribisha mjomba wake kwa heshima zote, akampangusia kigoda. Kisha akatoa ubao mwembamba, akasita.

"Mjomba, samahani. Unavua viatu, unasimama ukutani, halafu ubao huu unaubana… huku juu, kati ya miguu. Mimi napima kutoka chini."

Sentimita alitazama ubao. Akamtazama mtoto wa dada yake, ambaye juzi juzi tu yeye mwenyewe alikuwa akimbeba mgongoni. "Mama yako anajua unapima watu hivi?"

"Wengine sio wajomba zangu," binti akasema, akacheka kwa haya, na mjomba naye akacheka, na haya zao zikakutana pale katikati.

"Niachie," Sentimita akasema. "Mimi hii ndiyo kazi yangu. Nitajipima mwenyewe, nikuletee."

Angekuwa mteja mwingine, binti asingekubali. Lakini mjomba ni mjomba. Akauweka ubao chini, akauliza jambo moja tu lililobaki: "Ukiinama bila kukunja magoti, mikono inafika wapi? Nataka kujua usukani niuweke chini kiasi gani."

Ukweli ni kwamba Sentimita alikuwa ameinamia cherehani miaka mingi, na mgongo ulikuwa umegeuka ubao. Akiinama, vidole vilifika magotini, navyo vilifika kwa kulalamika. Lakini alikuwa amesimama mbele ya binti mdogo mwenye nguvu, aliyekuwa akimtazama kama shujaa.

"Nagusa vidole vya miguu," akasema.

Nyumbani alijipima nyuma ya mlango wa chumba cha kulala. Mkewe akamkuta amekanyaga chini na viatu vyake vya kutokea, vile vyenye kisigino.

"Mbona umevaa viatu?"

"Sakafu baridi."

"Na mbona umesimama kama unapigwa picha?"

Alisoma tepu, akaona urefu wa mguu haumpendezi hata ukiwa na kisigino, akaongeza kidogo. Mikono nayo akairefusha kidogo. Mwili alioupeleka karakana ulikuwa wa kijana mrefu, mwenye viungo laini, ambaye labda aliwahi kuishi ndani yake zamani, na labda hakuwahi kabisa.

Binti alifanya kazi kwa wiki kadhaa. Alikata kila bomba kwa msumeno wa mkono, akalichonga ncha kwa tupa mpaka likalikumbatia lenzake bila hata mwanya wa kupitisha unywele, akaunganisha kwa shaba iliyoyeyushwa, akasugua viungo mpaka vikawa laini kama mfupa uliolambwa. Akaipaka rangi ya kijani kibichi. Watu wa duka la matairi, waliokuwa wakimtania kwamba anatengeneza geti la sungura, walikuja mmoja mmoja kuishika wakanyamaza.

Sentimita alikwenda kuichukua uani, na Jumapili akaipanda. Kupanda kwenyewe kulikuwa kazi, maana bomba la juu lilikuwa juu kuliko ilivyopasa, na aliposimama akiwa amelipanulia miguu alilazimika kunyanyuka kwenye vidole, mdomo ameubana. Usukani ulikuwa mbali na chini. Mlima wa kwanza mikono ikafa ganzi. Wa pili shingo ikakakamaa. Walipofika mahali pa kupumzika, kwenye kivuli cha ukuta wa ghala, alishuka kama mtu anayeshushwa kwenye machela.

Wote wakaizunguka baiskeli. "Nzuri jamani," nesi akasema. "Lakini mbona wewe umekunja sura? Vipi, haikukai?"

Hapo palikuwa mahali pa kusema. Maneno yalikuwepo, mafupi, yasiyogharimu kitu: nilimpa vipimo vya uongo. Sentimita alifungua kinywa na yakatoka mengine.

"Mtoto bado anajifunza," akasema. "Vipimo vimempiga chenga."

Akacheka kidogo, kicheko cha mtu mkubwa anayemsamehe mdogo. Hicho kicheko ndicho kilichokuja kumtesa baadaye kuliko maneno. Mwalimu wa hesabu akatikisa kichwa. "Bahati tumekuona wewe kwanza," akasema, na nesi akaacha kuipapasa fremu, akachukua chupa yake ya maji. Hakuna aliyezungumzia kuagiza tena.

Neno likisemwa halibaki mahali pamoja. Kabla wiki haijaisha, habari zilikuwa zimefika duka la matairi, na kutoka hapo ni hatua chache mpaka uani. Mpwa akaja dukani kwa mjomba wake mchana, wakati mteja mmoja yuko nyuma ya pazia anajaribu suruali. Hakukaa.

"Shikamoo mjomba. Nimekuja kuomba msamaha."

"Wa nini tena?"

"Nimesikia fremu imekuumiza. Nimerudia hesabu zote, nimepima mabomba yote yaliyobaki, sioni nilipokosea. Basi ni mimi tu, mkono wangu haujui. Nimekuaibisha mbele ya wenzako, na wewe ndiye uliyenishika mkono."

Sentimita alishika tepu iliyokuwa shingoni mwake kwa mikono miwili. Nyuma ya pazia mteja alikuwa kimya kabisa, anasikiliza, na fundi akamfikiria mteja yule, akafikiria atakavyotoka pale na kuipeleka habari mtaani: Sentimita hajui hata kujipima. Kwa ajili ya mtu huyo, ambaye hata alikuwa bado hajamaliza kulipia pindo, alimwambia mtoto wa dada yake: "Aaa, usijali. Ndiyo kujifunza huko."

Binti akashukuru. Alishukuru! Akatoka, na mlangoni akageuka kusema kwamba amepata kazi ya mageti mawili, na afadhali abaki huko. "Geti halina mgongo, mjomba. Haliumwi."

Siku zile Sentimita hakuonja usingizi wala hakuonja chakula. Alipowapima watu aliogopa kuwatazama usoni. Mkewe, ambaye aliviona viatu na hakuhitaji kuambiwa zaidi, hakumgombeza. Alimwekea chakula mezani akamwacha nacho, na hilo lilimchoma kuliko ugomvi. Kisha dada yake akapiga simu, sauti imepoa. "Kaka, nakuuliza wewe kwa sababu hutanificha. Mtoto hana kipaji? Kama hana niambie, nimsaidie kusahau."

"Nitakuja," Sentimita akasema.

Jumapili alitoka na kundi kama kawaida, kwa lile lichuma lake la zamani. Kwenye kivuli cha ghala hakusubiri kuulizwa. Alisimama mbele yao, akaeleza yote: ubao alioukataa, viatu vya kisigino, vidole vya miguu ambavyo hajavigusa tangu nywele zake zilipokuwa nyeusi. Alieleza huku anatazama matairi. Alitegemea watacheka, na alitamani wacheke, maana kicheko kingemaliza mambo. Nesi ndiye peke yake aliyetabasamu, tena kidogo.

"Sasa mbona umemwacha mtoto wa watu siku zote hizi?" mwalimu akauliza.

Sentimita akaanza kubonyezabonyeza breki za lichuma lake. Nesi akasema ataenda karakana kupimwa, mwenyewe, bila viatu. Mwalimu alisema ataona. Walipoondoka walimpunguzia mwendo ili asibaki nyuma, jambo ambalo hawakuwahi kumfanyia kabla, na Sentimita akaona afadhali wangemwacha.

Hakupitia nyumbani. Alikwenda moja kwa moja uani, ananuka jasho, na njiani alikuwa amejipa moyo kidogo. Ameshasema hadharani. Jina la binti limesafishwa. Atampa habari njema, binti atashangaa, pengine atalia, na yeye atasamehewa. Mtu akishavua mzigo hutarajia kupewa maji.

Mpwa wake alikuwa amepiga magoti mbele ya geti kubwa lililolazwa kwenye matofali. Kile kiunzi cha fremu kilikuwa kimesukumwa kwenye kona, kimefunikwa gunia. Akamsikiliza mjomba wake mpaka mwisho bila kusimama, miwani myeusi ameiweka juu ya paji la uso.

"Najua," akasema.

"Nani amekuambia? Nimetoka kuwaambia sasa hivi."

"Nilijua siku ile ulipokuja kuichukua. Uliposimama juu yake. Mimi macho ninayo, mjomba."

Sentimita alitafuta kigoda kwa mkono, akakaa. "Basi mbona ulikuja dukani kuniomba msamaha?"

Binti alifuta mikono kwenye suruali yake, taratibu, kidole kwa kidole. Hakuwa na hasira. Angekuwa nayo ingekuwa nafuu.

"Nilikuja nikupe nafasi ya kusema. Hukusema. Nikafikiri, basi, ningefanyaje? Niende kwa watu niwaambie mjomba wangu mwongo? Mama angemwamini nani tena? Wakisema mimi fundi mbaya, fundi mbaya anaweza kujifunza. Wewe ningekupeleka wapi?"

Upande wa pili wa ukuta mtu alikuwa anajaza upepo kwenye tairi. Sentimita alimuuliza kama atamtengenezea nesi. Binti akasema nesi akija atampima, kazi ni kazi. Hakusema lolote kuhusu mjomba. Kisha akakumbuka mwenye geti anakuja mchana huohuo na bawaba moja bado haijakaa sawa.

"Nishikie hapa," akasema.

Mjomba akainuka, akainama kadiri mgongo ulivyomruhusu, akashika chuma pale alipoonyeshwa. Binti alishusha miwani, akasogeza kifaa cha kuchomelea karibu.

"Geuza uso, mjomba. Huu moto unaumiza macho."

Alikuwa ameshaugeuza.