Hodi ya Toroli

Wenzake wa timu ya roboti walimwita Dereva, maana lile toroli la kubebea roboti hakumwachia mtu. Kwenye mashindano ya shule, wengine walipopayuka "Pisheni!" na watu wakaruka, yeye alibisha hodi katikati ya umati kama mgeni mlangoni. "Hodi jamani, tunapita. Miguu, kaka. Asante. Mama, mshike mtoto mkono, asante sana." Macho yake hayakubanduka kwenye viatu vya watu, na aliyesogeza hata kidole alishukuriwa.

Siku ya fainali kipaza sauti kiliwaita kwa mara ya mwisho, na ukumbi umefurika, hata pa kutia mguu hakuna. Akapenya, hodi na asante, mpaka ukingoni mwa uwanja. Mwamuzi akachungulia toroli.

"Dada, roboti iko wapi?"

Ilikuwa mezani kwao kule nyuma, wenzake wameishusha kuibadilishia betri. Dereva akageuza toroli, aanze kuomba njia upya.

Njia ilikuwa bado wazi. Watu walikuwa wamejibana huku na huku, wanacheka. Hata hajafungua mdomo, wakamwitikia:

"Karibu! Kimbia, dada, tumekushikia!"