Hela ya Chini ya Birika

Katika ukoo wa kina Tordoff, mtoto hakuwa mtu mzima kwa kufikisha miaka. Alikuwa mtu mzima Ijumaa ile aliyoinua birika la chai mezani, akatia chini yake sehemu ya mshahara wake wa kwanza, kisha akaketi kula bila kusema neno. Waliiita hela ya kukaa. Babu yao aliiweka alipoanza kazi katika kiwanda cha sufu, hata ndevu hazijaota. Lorna aliiweka alipokuwa akifagia nywele saluni, na mama yake akaichukua pasipo kumtazama, maana waliamini kwamba kumshukuru mtu kwa wajibu wake ni kumdharau.

Lorna alimlea mwanawe Joss peke yake, katika nyumba ya kupanga ya Mtaa wa Providence, katika bonde la Aire kule Yorkshire. Baba wa mtoto aliondoka mapema, na habari zake hazitusaidii kitu. Joss alizaliwa na akili ya kwenda polepole, tena na kifafa kilichomwangusha bila hodi. Hakuweza kuachwa peke yake, kwa hiyo mama yake hakuwa na kazi ya mshahara. Serikali ilimpa fedha za matunzo ya mtoto, na nyongeza kwa kuwa mtoto mwenyewe ni mlemavu. Zililipa kodi, zikawasha gesi, zikawalisha wote wawili. Walikuwepo majirani waliozisema kana kwamba Lorna ameziokota barabarani. Mtu na amwinue kwanza kijana mzito kutoka sakafuni, amfute mate, ambadilishe suruali, ndipo afungue mdomo juu ya hela za bure.

Joss alipomaliza shule alikuwa na miaka kumi na minane, na chuo cha vijana wenye mahitaji kama yake kilikuwa kimempokea kwa muhula wa vuli. Kiangazi hicho, Ijumaa moja, walikwenda kula samaki na chipsi kwa Clifford, kaka yake Lorna. Mtoto wa Clifford, Ellis, alikuwa ndiyo kwanza ameanza kazi gereji. Akainua birika, akaweka noti zake, akaketi.

"Haya, leo tuna wanaume wawili nyumbani!" Clifford akapiga meza. "Nilidhani huyu atanyonya mpaka nizikwe."

Joss akaacha uma. "Na mimi je, mjomba?"

"Wewe, Joss wetu? Wewe serikali bado inakununulia maziwa!"

"Mimi nina ndevu."

"Hata paka wa jirani ana ndevu, mwanangu."

Wakacheka wote, na Lorna naye akacheka kidogo. Kicheko hicho kilimkaa rohoni baadaye kama mwiba wa samaki. Joss hakugusa tena sahani yake. Tangu siku hiyo, kila asubuhi alipovishwa soksi, aliuliza neno moja tu: "Lini?"

Mama mmoja aliyekuwa na binti katika shule ile ile akamwambia Lorna kwamba kijana wa umri huo anaweza kuomba msaada kwa jina lake mwenyewe, fedha ziingie benki kwa jina lake. Lorna hakuuliza zaidi. Alimpeleka Joss maktaba ya mji, wakakaa mbele ya kompyuta, akamjazia ombi. Alidhani fedha za mwana zitakaa kando ya fedha za mama, kama ilivyokuwa mezani kwao siku zote: mtoto akianza kuleta chake, chungu huongezeka, hakipinduliwi. Hakuna aliyemwambia vinginevyo. Nami nasema, dola inayojua kumhesabia mnyonge kila senti ingeweza pia kumwonya kabla hajatumbukia.

Ombi likakubaliwa. Ijumaa iliyofuata Joss aliinua birika kwa mikono miwili, chai ikamwagika kwenye kitambaa, akasukuma noti zake chini, akaketi wima kama askari. Lorna alizichukua bila kumtazama. Angemtazama, angelia.

Siku chache baadaye fedha za Lorna hazikuingia. Akapiga simu ofisi ya malipo.

"Mwanao sasa anadai kwa jina lake, mama," sauti ya kijana ikamwambia. "Kwa hiyo hahesabiwi tena kuwa mtoto wako."

"Si mtoto wangu?"

"Kwa upande wa malipo, namaanisha."

"Na hapo mlipoandika, mmeandika pia kwamba ameacha kuanguka? Maana leo asubuhi hakupata hiyo habari."

"Naelewa, mama."

"Huelewi, mpenzi. Lakini si kosa lako."

Alichopata Joss kilikuwa pungufu sana ya kile kilichoondoka. Lorna akaenda kwa Bi Ackroyd, aliyekuwa akitoa ushauri bure katika ukumbi wa kanisa. Mama huyo alimsikiliza mpaka mwisho, akavua miwani.

"Ungekuja kwangu kabla, Lorna."

"Nani aliniambia kuna kabla?"

Wakakata rufaa. Jibu lilikuwa la adabu na lilikuwa hapana.

Kodi ikaanza kurundikana. Lorna akapata kazi ya kufunga pai kiwandani, zamu ya mchana mpaka jioni. Gari la chuo lilimrudisha Joss alasiri, na Clifford ndiye aliyeahidi kumpokea na kukaa naye. Clifford alikuwa na mdomo mchafu, lakini hakuwa mtu mbaya. Aibu ya kicheko kile ilimleta kila siku na pakiti ya biskuti mfukoni. Siku moja barabara ya bondeni ilifungwa kwa ajali, akachelewa. Dereva alimwona Joss akifungua mlango kwa ufunguo wake, akaondoka. Clifford alipofika alimkuta chini ya ngazi, taya limevunjika, sauti haitoki.

Hospitalini wakaja watu wa ustawi wa jamii, wapole, wenye vitambulisho shingoni. Walisema nyumbani si salama. Walisema kuna nyumba ya uangalizi katika mji wa Skipton, ina mtu macho usiku na mchana, chuo kitampeleka na kumrudisha. Kila walilosema lilikuwa kweli. Alipokuwapo mama yake usiku na mchana, nyumba ilikuwa salama, na msaada uliomwezesha kuwapo ulikuwa umekatwa. Jambo hilo halikuwa na nafasi katika mazungumzo.

Clifford alimfuata Lorna uwani. "Nitukane. Nitukane, bwana, unipe nafuu."

"Sina nguvu ya kukupa nafuu, Cliff. Wewe ulicheka, mimi nikaenda maktaba. Nilimuuza kwa ajili ya birika."

"Ulitaka awe mtu."

"Alikuwa mtu."

Siku ya kuhama, Joss alibeba mto wake mwenyewe. Mlangoni akasimama. "Kule Skipton nani anachukua hela yangu?"

"Kule hawana birika, mwanangu."

Alifikiri sana. "Basi nitaleta hapa."

Na huleta. Kila Ijumaa mfanyakazi wa nyumba ile humshusha Mtaa wa Providence. Joss huingia bila kubisha, huinua birika, huweka noti zake, huketi. Jumatatu inayofuata Lorna huingiza kila noti benki kwa jina la Joss. Mwenyewe hajui.

Majira ya baridi, Lorna alijaribu kukomesha. Alimsukumia noti zile mkononi. "Weka hizi, Joss wetu. Huna haja tena. Hulali hapa."

Joss alizitazama, kisha akamtazama mama yake. Taya lake halikupona sawasawa, maneno yalitoka upande. "Kwani nimefanya nini?"

"Hujafanya kitu, mpenzi."

"Basi mbona hutaki?"

Lorna akageukia dirishani. Akasikia birika likiinuliwa nyuma yake, likatuliwa tena taratibu. Alirudi mezani, akanyoosha mkono, akazichukua zile noti bila kumtazama, kama mama yake alivyofanya.

Joss akavuta sahani yake, akazimwagia chipsi siki. Alikuwa hajafikia njegere za kando ya sahani, gari la kumrudisha Skipton lilipopiga honi nje.