Pahali ya Shavu ya Muzee

Hii habari nilipewa na yaya yangu, dada yangu mukubwa wa Kirumba, mujane. Nyumba yake ilikuwa inavuja, donc akaita mucuruzi wa Beni anunue bunduki ya bwana yake, ile ya kuwindia, ya midomo mbili.

Mucuruzi akapapasa mbao ya kitako ya bunduki. "Mama, hapa imelika. Bei inashuka."

"Hapo njo pale muzee wangu alikuwa anaweka shavu akilenga. Nyama alikuwa anaua nayo ilikulwa mupaka Butembo. Weka yako, tuone."

Akaweka. Akasogeza kichwa huku, akasogeza kule. "Lakini hainienei, mama."

"Basi haiko yako, baba. Mabati ya nyumba itangoja."

Mupaka leo mvua ikinyesha yaya anasogeza kitanda, lakini Kirumba yote hakuna mwanamuke anatembea na shingo wima kama yeye.

Batoto, mulale sasa.